Kopo Lenye Jina la Matilda

"Kumbe ulikuwa unajua."

Maneno matatu tu. Tulipoachana wiki jana, Mwalimu Kasiani alikuwa amesimama barazani kwake Sofu, mjini Kibaha, miwani imeshuka puani, anausoma ujumbe huo kwa mara ya nne. Ulitoka kwa Matilda, mjane mwoka mikate wa Kisarawe, mwanamke ambaye Mwalimu alipanga kumposa Jumamosi hiyohiyo baada ya chai. Chai ilikuwa bado inafuka mezani. Matilda alikuwa ameshaondoka bila hata kuaga.

Alikuwa anajua nini? Masikini ya Mungu, hakuwa anajua lolote.

Msomaji mmoja wa Mlandizi amenipigia simu akidai Matilda ana mume kamficha kisiwani Mafia. Hana. Mwingine kaniandikia kwamba ni tapeli. Si tapeli. Tulieni niwasimulie.

Mwalimu aliingia ndani, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la jikoni, pale Matilda aliposimama mara ya mwisho akitafuta sukari. Kila kitu kilikuwa na jina lake. Tangu mkewe Vailet afariki, mwaka wa nne sasa, Mwalimu alijizoesha kuandika majina kwa kalamu nene: SUKARI, CHUMVI, UNGA WA SEMBE, KIKOMBE CHA MGENI. Watoto wake wako Mwanza na Songea, wanapiga simu sikukuu. Waliobaki kuandikiwa ni makopo.

Nyuma ya sukari alikuwa ameficha makopo mawili mapya ya vidonge. Moja aliliandika KASIANI. La pili MATILDA. Sasa limebaki la Kasiani peke yake.

Makopo hayo aliuziwa na Wilfred, kijana ambaye Mwalimu alimfundisha sayansi darasa la sita na ambaye siku hizi anazunguka Kibaha na tai na mkoba akijiita mshauri wa afya. Mafua ya masika yalikuwa yamemlaza Mwalimu wiki mbili, hana hata wa kumchemshia uji. Wilfred akamwambia, "Mwalimu, hivi vinaongeza kinga ya mwili. Meza wewe na mwenzako, mzeeke pamoja."

Hapo kwenye "mwenzako" ndipo Mwalimu alipolainika. Akachukua mawili.

Jumamosi hiyo alipiga simu ya Matilda. Haipatikani. Akapiga Jumapili baada ya ibada. Haipatikani. Jumatatu akamwandikia ujumbe wa aya tatu, akausahihisha mpaka nukta za mwisho. Haukujibiwa.

Siku zikaenda. Kikombe cha mgeni kilibaki mezani na chai yake iliyoganda, kwa sababu Mwalimu hakupata moyo wa kukiosha. Alikula ugali akiwa amesimama, sufuria mkononi. Jioni aliwasha redio, si kwa ajili ya habari, ila nyumba iwe na sauti ya mtu. Alikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo. Jumatano alilia.

Jumapili ya pili akaja jirani yake, Nuria, kurudisha chekecheke.

"Mwalimu, mbona yule mama wa mikate hatumwoni?"

Mwalimu akamwonyesha ujumbe. Akamweleza na habari ya kopo.

"Kopo lenyewe limeandikwaje?"

"Huongeza kinga ya mwili."

Nuria akavuta kiti, akakaa. "Na juu yake ukaandika jina lake?"

"Kwa herufi kubwa. Ilikuwa zawadi."

"Wewe Mwalimu wewe! Kusoma kote kule! Nani hapa kwetu anaambiwa aongeze kinga? Si yule mwenye upungufu wa kinga? Umemwambia mwanamke wa watu ana ngoma!"

Mwalimu aliijua ngoma hiyo, ni UKIMWI, si ile inayochezwa harusini. Akashika kichwa. Miaka thelathini na minane alifundisha watoto maana ya maneno, na neno moja limemponyoka jikoni kwake mwenyewe.

"Nenda kamwombe radhi," Nuria akasema. "Usipige simu. Nenda."

Jumatatu alfajiri akatoka bila kunywa kitu. Alipofika Kiluvya akapanda bodaboda ya kwenda Kisarawe, na njia nzima, huku vumbi likimjaa puani, alikuwa anatunga hotuba yake ya kuomba msamaha. Aliipanga vizuri, yenye utangulizi na hitimisho. Hotuba hiyo, ndugu zangu, ndiyo ilimponza.

Kwa Matilda alimkuta Aneth, mpwa wake, ameketi kando ya oveni ya udongo. Oveni ilikuwa baridi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Shangazi yako yupo?"

"Yupo ndani. Wiki nzima hajakanda unga, wateja tunawarudisha." Aneth akashusha sauti. "Lakini ana furaha, Mwalimu. Anaimba kutwa. Hiyo ndiyo inanitisha."

Furaha? Mwalimu alikuja amejiandaa kwa matusi. Kabla hajapata la kujibu, mlango ukafunguka.

Matilda alikuwa amevaa kitenge kipya na amesuka nywele. Akatabasamu mpaka Mwalimu akasahau utangulizi.

"Nilijua utakuja," akasema. "Karibu ndani." Akamketisha, akachukua jagi la maji. "Simu niliizima kwa aibu, unisamehe. Nilikuwa nasubiri nimalize kwanza lile kopo, ndipo..."

"Matilda, acha niseme mimi kwanza."

Hapa laiti Mwalimu angenyamaza. Laiti angekaa tu, akapokea maji, akasikiliza. Lakini mtu akishatunga hotuba lazima aitoe.

"Nimekuja kukuomba radhi kwa lile kopo. Sikumaanisha unavyodhani. Ni la mafua! Mimi ningewezaje kukufikiria wewe ugonjwa ule? Wewe mama wa kanisa, mwanamke unayejiheshimu! Mungu apishe mbali!"

Tabasamu la Matilda likaondoka. Akaliweka mezani jagi la maji alilokuwa amelishika, polepole, kama anaogopa litalia.

"Kwa hiyo ulikuwa hujui," akasema.

"Sijui nini?"

"Ninao, Kasiani."

Hakuwahi kumwita Kasiani. Sikuzote alimwita Mwalimu.

"Mwaka wa kumi na moja huu. Mume wangu aliniachia vitu viwili, oveni na virusi."

Nje, Aneth alikuwa anakwangua masizi ya sufuria.

"Tulikutana wapi mimi na wewe?" Matilda akauliza.

"Pale Kibaha, kwenye benchi la hospitali. Ulikuja kupima presha."

"Presha ulisema wewe. Mimi nilinyamaza. Hapa Kisarawe kila mtu anakula mkate wangu. Nikionekana kwenye foleni ya kliniki ile, nani atanunua tena? Nikaenda kujiandikisha Kibaha, ambako sijulikani."

"Kwa hiyo Jumamosi zote zile ulikuwa unafuata dawa?"

"Dawa siku hizi wanatupa za miezi mitatu kwa mpigo. Na Jumamosi kliniki imefungwa." Akageuza uso mlangoni. "Jumamosi sikuja kwa dawa."

Mwalimu alikumbuka kila Jumamosi, ikifika saa kumi jioni, Matilda anachukua mkoba na kukimbia hata kama mazungumzo yamenoga. Alidhani nyumba yake inamchosha.

"Ndiyo maana ulikuwa hukai?"

"Nameza saa mbili usiku. Ningemezaje mbele yako, kwenye nyumba ambayo hata chumvi imeandikwa jina?" Sauti yake ikaanza kukatika. "Siku ile nafungua kabati, naona kopo lina jina langu, na chini yake neno kinga. Nikalitia mkobani, nikakimbia. Nikakuandikia ule ujumbe nikiwa na hasira. Lakini njiani nikawaza: kumbe anajua, na bado ananichemshia chai. Miaka kumi na moja hajatokea mtu aliyejua na bado akanichemshia chai. Nilifika hapa naimba. Leo umekuja kuniambia Mungu apishe mbali."

Akafungua mlango, akaushikilia wazi.

"Haya. Bodaboda ziko pale chini. Wahi kabla jua halijawa kali. Sina kinyongo na wewe."

Mwalimu akasimama. Akafika mlangoni. Hakuna ambaye angemlaumu, na yeye alilijua hilo. Angerudi Sofu, angeosha kikombe cha mgeni, angekirudisha kabatini, na hakuna mtu angemuuliza tena. Angewasha redio.

Akarudi akakaa.

"Chai ipo?" akauliza.

"Nini?"

"Naulizia chai. Nimetoka nyumbani alfajiri, sijatia kitu tumboni."

Matilda akamtazama sana. Halafu akajifunika uso kwa ncha ya kitenge, mabega yakawa yanatikisika, na Mwalimu akamwacha alie bila kumsemesha. Alipomaliza akaenda kuwasha mkaa.

Mngedhani mambo yameisha hapo. Hata mimi ningependa yaishie hapo.

Mwalimu akiwa anasubiri chai, akaliona kopo dirishani. Akalichukua, akalitikisa. Lilikuwa karibu tupu.

"Umemeza vyote hivi?"

"Vitatu kutwa, kama yule kijana alivyoniambia."

"Kijana gani?"

"Si namba yake imebandikwa kwenye kopo? Nilimpigia kwa simu ya Aneth. Sikumtajia jina. Nikamuuliza kama naweza kuvimeza pamoja na dozi yangu. Akasema, mama, kinga ikishapanda, dozi ya nini tena? Inakuchosha ini bure."

"Na dozi yako iko wapi?"

Matilda akaelekeza kidevu nje, kwenye oveni.

"Umeificha mle?"

"Nimeichoma. Yote, ya miezi mitatu. Nilitaka nije kwako na mkoba usio na siri."

"Lini?"

"Jumapili ile, kesho yake."

"Siku nane! Matilda, siku nane hujameza?"

Mwalimu alisogea na kopo mwangani. Chini ya jina la Matilda, chini ya lile tangazo kubwa la kinga, kulikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza ambayo hakuwahi kuyasoma. Yeye, aliyewachapa watoto wa watu kwa kutosoma swali mara mbili! Akapandisha miwani, akasoma, akarudia.

"Matilda," akasema. "Hii ni hamira."

"Hamira gani?"

"Hamira. Hiihii unayotia kwenye mikate yako. Wanachukua ukuta wa ile chembe yake, wanausafisha, wanaujaza kwenye kidonge na kuuita beta-glukani. Na hapa wameandika wenyewe: ni nyongeza ya chakula, si dawa ya kutibu ugonjwa wowote. Pengine inasaidia mafua, pengine haisaidii, sijui. Lakini kushika nafasi ya dozi yako, hapana. Hata kidogo."

Matilda alichukua kidonge kimoja, akakitenganisha, akamwaga unga wake kiganjani. Akaunusa. Akauonja kwa ncha ya ulimi. Miaka thelathini alikuwa amekanda unga kwa mikono hiyo, asingeweza kudanganywa.

Akacheka. Alicheka kicheko kilichomfanya Aneth aje mbio mlangoni na sufuria mkononi.

"Nina ndoo nzima ya hamira mle ndani," akasema. "Nimechoma uhai wangu ili nimeze hamira."

"Vaa viatu," Mwalimu akamwambia. "Tunakwenda kliniki."

"Chai je?"

"Tutakunywa tukirudi."

"Tunakwenda? Wewe na mimi?" Matilda akamshika mkono. "Benchi la kliniki ile unalijua. Liko karibu na lango, nusu ya Sofu inapita pale. Ukikaa na mimi leo, jioni mtaa mzima utasema Mwalimu naye anao."

"Waseme," Mwalimu akajibu. Alikuwa anaogopa, na msimfikirie vibaya kwa hilo.

Walifika Kibaha saa saba mchana. Matilda akatoa maelezo yake dirishani, akaambiwa asubiri. Akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, akabakiza nafasi ya mtu mmoja ubavuni kwake. Mwalimu akabaki langoni anajifanya anatafuta kitu kwenye simu.

Alipita mzazi mmoja wa zamani, akamsalimia. Akapita mzee wa kanisa. Dakika tano. Kumi. Matilda hakugeuka hata mara moja kumtazama, na Mwalimu akaelewa kwamba alikuwa anampa nafasi ya kuondoka bila kuonana macho. Ile nafasi kwenye benchi ilikuwa bado tupu. Watu wawili walikuja, Matilda akawaambia ina mwenyewe.

Mwalimu akaitia simu mfukoni. Akaenda, akakaa.

Wakati huohuo, kwani lini mambo haya hukosa shahidi, Nuria akawa anapita nje ya lango na kikapu cha nyanya. Akapunguza mwendo. Akasimama kabisa.

"Habari za mchana, Nuria," Mwalimu akamwahi, kwa sauti ileile ya darasani.

"Nzuri, Mwalimu," Nuria akajibu. Akaondoka haraka kuliko alivyokuja.

Nesi akatoka na daftari. "Mzee, kadi yako."

Benchi zima likatega sikio. Mwalimu angeweza kusema kwamba yeye si mgonjwa. Maneno hayo yalishafika ulimini.

"Sina kadi," akasema. "Nimekuja na huyu mama."

"Wewe ni nani wake?"

"Mchumba wake."

Matilda akageuka. "Hajaniuliza," akamwambia nesi.

Mtu akacheka huko mwisho wa benchi. Nesi naye akatabasamu. "Mtaelewana wenyewe. Mama, vizuri umewahi kurudi. Utaonana na daktari, wewe ni wa pili. Anayetangulia ni nani?"

Kwenye kona alikuwa amekaa kijana aliyeshusha kofia mpaka kwenye nyusi, mkoba mweusi katikati ya miguu. Tangu Mwalimu alipofika alikuwa ameinamia kadi yake. Sasa akanyanyuka, akaanza kuelekea langoni badala ya mlango wa daktari. Lakini lazima apite mbele ya Mwalimu Kasiani, na mtu aliyefundishwa adabu darasa la sita hawezi kumpita mwalimu wake bila salamu. Ilimtoka yenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alikuwa Wilfred. Tai hakuvaa.

Mwalimu aliitazama kadi yake, akatazama mkoba, na ndani ya mkoba uliobaki wazi akaona vifuniko vya makopo aliyoyafahamu. Miaka yote ya ualimu hajawahi kunyimwa shikamoo wala kuacha kuiitikia. Leo hakuitikia.

Matilda akamshika mkono wa shati. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Kasiani," akanong'ona, "sauti hiyo. Hiyo ndiyo sauti iliyoniambia niache dozi."

Wilfred akaganda pale aliposimama. Nesi akachungulia tena mlangoni, kwa upole wake wote, bila kujua anachokifanya.

"Wilfred, pita basi, dozi yako iko tayari. Kwani leo umekuwaje? Wewe ambaye huwa hukosi hata siku moja."